Siku Mzee Maruge Alipoandikwa Darasa la Kwanza

Jumatatu ya tarehe 12 Januari 2004, muhula wa kwanza ukiwa bado mbichi, Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret ilimwandika darasa la kwanza mwanafunzi aliyekuja na sare yake: kaptura, soksi ndefu zilizopanda hadi chini ya magoti, sweta na mkoba wa vitabu. Aliitwa Kimani Ng'ang'a Maruge, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 84.

Guinness wakamtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuanza shule ya msingi. Magazeti yakaja, kamera zikaja, na tangu hapo kisa chake husimuliwa kama ajabu: babu ameketi kati ya watoto wa miaka sita, magoti yamebanwa na dawati. Watu hutabasamu, wengine hulengwalengwa na machozi, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Mimi nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kila nikisikia kisa hiki kikisimuliwa hivyo naona pamerukwa mahali penyewe. Tangazo la serikali haliingizi mtoto darasani. Anayemwingiza ni mtu aliyeketi mezani siku za kwanza za Januari, rejista imefunguliwa mbele yake, kalamu mkononi, ambaye humtazama aliyesimama pale kisha akaliandika jina lake au akaacha kuliandika. Elimu ya msingi bila malipo ilitangazwa Kenya Januari 2003. Maruge aliandikwa Januari 2004. Nataka kukichambua kisa chake kuanzia pale mezani.

Meza ya kuandikisha

Asiyewahi kuandikisha darasa la kwanza hajui meza hiyo ilivyo. Saa moja na nusu asubuhi foleni imeshafika langoni. Mama huyu ana cheti cha kuzaliwa alichokifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Nyanya yule ana kadi ya kliniki iliyofutika maandishi. Mjomba aliyekuja na baiskeli hana chochote ila mtoto mwenyewe. Mtoto asiye na karatasi tulikuwa tukimpima kwa njia inayojulikana kote Afrika Mashariki: apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Sikio likishikika, ametosha shule. Nimeona watoto wakiilaza shingo begani ili sikio lisogee, mama zao wakiwaombea kimoyomoyo. Ni kipimo kibovu. Mtoto aliyedumaa kwa njaa hurudishwa nyumbani ingawa miaka anayo, na mwenye mikono mirefu huingia kabla ya wakati wake. Lakini asubuhi ile huna kingine, na foleni inasonga.

Maruge naye hakuwa na karatasi. Aliamini kwamba alizaliwa 1920. Wagikuyu wa umri wake walihesabu miaka kwa rika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, na kila rika lilipewa jina kutokana na jambo kubwa lililotukia wakati huo. Fomu ya shule haina mahali pa kuandika rika. Ina mahali pa tarehe ya kuzaliwa, na pembeni mahali pa jina la mzazi au mlezi. Najiuliza mara kwa mara ni nini kingeandikwa hapo pa mlezi, kwa mtu ambaye wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Kwa kawaida ya mambo, yeye ndiye angekuwa mlezi wa kuandikwa kwenye fomu zao.

Mwalimu mkuu alikuwa Jane Obinchu. Tuzitazame njia zilizokuwa mbele yake, kwa sababu zote zilikuwa halali na zote isipokuwa moja zilikuwa rahisi.

Angeweza kumwelekeza gumbaru. Kenya nzima inalijua neno hilo. Ndilo jina la mtaani la madarasa ya watu wazima, yale yaliyopata nguvu tangu kampeni ya kufuta ujinga ya 1979, na kwa sehemu kubwa wanaohudhuria ni akina mama. Angesema, "Mzee, hapa ni kwa watoto, nenda gumbaru," na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kumtuma kwa afisa wa elimu akaombe barua. Hapo mzee angepanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine mpaka muhula uishe, na shule ingebaki na mikono safi. Nimeishi ndani ya mfumo huu wa elimu, naijua njia hiyo. Ni njia ya kukataa bila kutamka neno hapana.

Akachagua kumwandika.

Sheria haikumlazimisha. Sheria ya Watoto ya 2001, kifungu cha 7, ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mtoto kwa sheria hiyo alikuwa mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Maruge alikuwa amepita mpaka huo kwa zaidi ya miaka 60. Katiba yenye kusema kila mtu ana haki ya elimu, katika kifungu cha 43, ilikuja 2010, yeye akiwa tayari kaburini. Kwa hiyo mwaka 2004 alisimama pale langoni bila sheria ya kumtetea na bila sheria ya kumfukuza. Mahali kama hapo, ambapo sheria imenyamaza, mwenye kalamu ndiye serikali.

Nina deni langu mwenyewe katika jambo hili, na nitalitaja. Mwaka mmoja nikiwa na darasa la kwanza, nyanya mmoja alikuwa akimleta mjukuu wake kila asubuhi, na badala ya kurudi nyumbani akaketi chini, nje ya dirisha langu, mpaka saa nne watoto walipotoka kunywa uji. Nilidhani anamlinda mtoto kwa kuwa mtoto yule alikuwa mwepesi wa kulia. Wiki ya tatu nikapita pale alipokuwa ameketi nikaona mavumbini amechora kwa kijiti a, e, i, o, u, irabu zile tulizokuwa tukiziimba ndani. Nilimsalimu, tukazungumza habari za mvua. Sikumwambia aingie. Halikunijia kabisa kwamba neno hilo lingeweza kusemwa. Ndiyo sababu siwezi kulichukulia jambo alilofanya mwalimu wa Kapkenduiyo kuwa dogo.

Kwa nini hakusoma mapema

Msimulizi wa haraka husema Maruge "hakupata bahati ya kusoma." Bahati haihusiki. Mtoto wa Kigikuyu aliyezaliwa mwaka 1920 alizaliwa katika nchi ambayo shule zilikuwa za wamisheni, chache, na zilikuwa na masharti yake. Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkubwa kati ya wamisheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana, na familia nyingi zikatoa watoto wao katika shule za misheni. Wazazi wakaamua kujijengea shule zao wenyewe, zile za chama cha Karing'a na za chama cha shule huru za Wagikuyu kilichojulikana kwa herufi KISA. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri ili shule hizo zipate walimu wake. Fikiria kazi iliyokuwamo: watu waliokuwa wakilipa kodi ya kichwa kwa mkoloni wakachanga tena, wakakata miti, wakafyatua matofali, ili mtoto asome bila kuuliza ruhusa ya mtu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Shule hizo zikafungwa, na Githunguri, mahali palipojengwa pa kufundishia walimu, pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Maruge alikuwa mtu mzima kufikia wakati huo, na alikuwa upande wa Mau Mau. Huyo ndiye aliyekuja kusimama kwenye lango la Kapkenduiyo nusu karne baadaye. Anaposema anataka kusoma, nyuma ya maneno hayo kuna shule zilizofungwa kwa amri na chuo kilichofanywa mahali pa kitanzi.

Baada ya uhuru lango halikufunguka mara moja pia. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, na hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 1973 hadi takriban milioni 2.7. Watoto waliokuja hawakuwa na madarasa ya kutosha, shule zikaanza kutoza fedha za majengo, na familia maskini zile zile zilizokuwa zimewaleta watoto zikawaondoa. Mwaka 1979 Rais Moi akafuta malipo hayo na kuleta maziwa ya shule, ambayo watu wa umri wangu bado wanaikumbuka ile pakiti yake ya pembe tatu. Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, mwaka 1985 na karakana zake ambazo wazazi walitakiwa kuzijenga, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama. Karo ikarudi kwa majina mengine: ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani, ya shughuli. Mtu mzima aliyelipia watoto wake na kisha kuona wajukuu wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, angewezaje kujifikiria yeye mwenyewe?

Januari ya kwanza ya bure

Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002. Wiki moja baadaye shule zikafunguliwa, na ahadi ya kampeni ikawa amri: hakuna karo katika shule za msingi za umma. Mwaka 2002 kulikuwa na wanafunzi takriban milioni 5.9. Mwaka 2003 wakawa takriban milioni 7.2. Zaidi ya watoto milioni moja waliingia kwa pamoja katika madarasa yale yale, mbele ya walimu wale wale, kwa sababu tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya na iliziba tu mapengo ya waliostaafu au kufariki.

Nilikuwa darasani mwezi ule. Watoto walikaa wanne au watano kwenye dawati la wawili, wengine chini, wengine wakasimama nyuma wakiegemea ukuta kwa sababu sakafu ilikuwa na vumbi na wamevaa nguo zao pekee nzuri. Sikuwa najua majina yao mpaka karibu na Pasaka. Pia hatukuwa tena na watoto wa miaka sita peke yao. Walikuja wa miaka kumi, kumi na miwili, wavulana waliokuwa wamechunga ng'ombe, wasichana waliokuwa wamelea watoto wa wengine mijini. Kila mmoja alipoona mwenzake mkubwa ameingia, naye akathubutu.

Hapa ndipo naona njia ya Maruge ilipofunguka. Mwenyewe alisema tangazo la 2003 ndilo lililomsukuma. Tangazo lilisema ni bure na watu wakaja, na baada ya mwaka mzima wa kuona vijana wakubwa wakiingia madarasa ya chini, umri ulikuwa umeanza kupoteza nguvu yake ya kumzuia mtu. Aibu ilikuwa imekwisha kupungua kidogo kabla yeye hajafika.

Kuna jambo lingine la kimahesabu. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka: 650 za vitabu, madaftari, kalamu na chaki, ziliwekwa katika akaunti iliyoitwa SIMBA, na 370 za matumizi ya jumla kama ukarabati, umeme, maji na mshahara wa mlinzi. Mgao ulihesabu vichwa vilivyomo katika rejista. Daftari la babu na daftari la mjukuu wake yalitoka kwenye mfuko mmoja. Nalipenda jambo hilo. Katika karatasi nzima ya serikali, hapo tu ndipo mtu wa miaka 84 na mtoto wa miaka sita walikuwa sawa kabisa.

Lakini swali gumu lipo na lazima liulizwe. Katika darasa lililofurika, mzee akiketi kwenye dawati, ni mtoto gani amesimama? Mzazi ana haki ya kuliuliza, na jibu la kwamba mzee anatia moyo halimtoshi. Jibu langu ni hili: mwanafunzi mmoja wa ziada hakuijaza shule yoyote mwaka ule. Waliojaza ni zaidi ya milioni moja, na aliyekosea hesabu ni aliyefungua milango bila kuongeza walimu. Mwalimu akianza kumfukuza mmoja mmoja ili kurekebisha kosa la mipango ya nchi, atawafukuza wale walio rahisi kufukuzwa, na daima hao ndio waliosubiri zaidi.

Sare

Sasa nirudi kwenye ile kaptura, kwa sababu kwangu ndiyo moyo wa kisa chote.

Karo ilifutwa 2003, sare haikufutwa. Mzazi aliendelea kununua shati, sweta, viatu. Na Januari yoyote mwalimu akitazama foleni yake anaona: mtoto ambaye hajaletwa wiki ya kwanza, mara nyingi nyumbani wanasubiri sare. Kitambaa kile kimefunga watu nje kwa muda mrefu kama karo yenyewe.

Maruge aliikubali sare mzima mzima. Mzee wa Kigikuyu, mwenye wajukuu 30, aliyepigana vita, hana sababu yoyote katika mila zetu ya kuonyesha magoti yake mbele za watu. Kaptura ni vazi la mtoto. Wakati wa ukoloni ilikuwa zaidi ya hapo: mtu mzima mweusi aliyevaa kaptura alikuwa mtumishi wa nyumbani au askari wa cheo cha chini, na bwana wake alimwita "boi" hata akiwa na mvi. Watu wa rika lake waliivua kaptura kwa uchungu na hawakutaka kuiona tena. Yeye akaivaa tena kwa hiari yake.

Wengi huiona picha ile wakacheka kwa upendo. Mimi naona mtu aliyefanya hesabu yake sawasawa. Alijua kwamba akija na suruali na koti atakuwa mgeni anayekaribishwa, ataletewa kiti, ataombwa aseme mawili matatu na watoto, kisha atasindikizwa langoni kwa heshima zote. Heshima ingemtoa nje. Sare ikamfanya mwanafunzi, na mwanafunzi hapewi kiti cha wageni, hupewa dawati. Akiwa ndani ya kaptura ile angeweza kuulizwa herufi na kukosea, akasahihishwa na kurudia. Kwa mzee kukosea mbele ya watoto ni jambo zito kuliko kuonyesha magoti, na alikubali yote mawili.

Alikuwa na haja zake mahususi pia. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe badala ya kusomewa, maana hakuwa na hakika kwamba mhubiri anasema kilichoandikwa. Na alitaka kujua hesabu, ili fidia ya wapigania uhuru ikija aweze kuzihesabu pesa zake bila kuibiwa. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angetamani mwanafunzi mwenye sababu za wazi namna hiyo. Watoto wangu huja kwa sababu wameletwa. Huchukua miezi kabla mmoja hajagundua kwamba yale madoa ubaoni yanaweza kumwambia jambo asilolijua. Maruge aliingia akiwa amekwisha kuligundua hilo, kwa njia chungu, kwa miaka yote ya kuweka kidole gumba kwenye karatasi alizosomewa na mtu mwingine.

Mwaka 2005 wenzake wakawa na kiranja mkuu mwenye miaka 85. Sipendi kulifanya hilo kichekesho. Kiranja huamkia wenzake, hupanga mistari, huzuia ugomvi, huhakikisha ubao umefutwa. Ni kazi za mzee wa kijiji katika kipimo kidogo, na pengine hakuna shule iliyopata kiranja aliyeielewa vizuri zaidi.

New York, na wale wengine

Septemba 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani akaenda New York, wakati wa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu ya msingi bila malipo. Ilikuwa haki yake kwenda na nina furaha kwamba alienda. Ila hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi na namna kisa kilivyotumiwa. Uso wake ulionyeshwa dunia kuwa ushahidi kwamba Kenya imefungua milango. Uchunguzi wa kitaifa wa kusoma na kuandika kwa watu wazima uliofanywa 2006 ukaonyesha kwamba asilimia 38.5 ya Wakenya watu wazima, yaani takriban milioni 7.8, hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kusoma na kuandika. Milioni 7.8, na tuliyemjua kwa jina alikuwa mmoja.

Gumbaru ingekuwa na walimu wa kutosha, vitabu vya kutosha na saa zinazomfaa mtu anayelima asubuhi, huenda Maruge angejifunza huko bila kamera, pamoja na majirani zake. Kwamba alichagua dawati la mtoto kunatuambia jambo kuhusu shule ya msingi: iko pale kila siku, kengele inagonga, mwalimu analipwa aje, mitihani inafanywa, mtu anahama kutoka darasa moja kwenda jingine na kila mtu kijijini anajua kapanda. Darasa la watu wazima halikuwahi kupewa uzito huo.

Miaka sita baada yake, 2010, mkunga mzee Priscilla Sitienei, ambaye watoto walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, alianza shule Ndalat, katika Nandi, si mbali na Eldoret, pamoja na vilembwe vyake. Yeye mwanzoni shule ilimkataa, kisha ikamkubali ilipoona ameshikilia. Aliendelea hadi miaka yake ya tisini. Hadithi ni ile ile: mtu langoni, mwalimu mezani, na muda mfupi wa kuamua.

Januari nyingine

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Eldoret iliwaka. Januari 2008, wakati ambapo shule zilikuwa zifunguliwe, watu walikuwa wakilala chini ya maturubai. Mali ya Maruge iliibwa na yeye akajikuta kambini na wakimbizi wengine, umbali wa kilomita nne hivi kutoka shuleni. Aliendelea kwenda shule kila siku. Kilomita nne kwenda, kilomita nne kurudi, mtu anayekaribia miaka 90, katika mji ambao jina lake la Kigikuyu lilikuwa limegeuka kuwa hatari kwake.

Kuhusu siku ile ya 2004 watu wameandika mengi. Kuhusu siku hizi za 2008 wanaandika sentensi moja. Kwangu uwiano huo umepinduka. Kuanza shule huku magazeti yakikupiga picha ni jambo moja. Kurudi darasani kutoka kambini, sare ikiwa imefuliwa kwa maji ya kupimiwa, wakati wazazi wengi walikuwa na hofu hata ya kuwatoa watoto hemani, ni jambo ambalo sina hakika mimi mwenyewe ningeliweza.

Baadaye akahamia Nairobi, akaishi katika makao ya wazee huko Kariobangi. Tarehe 10 Juni 2008 akaingia darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, mtaa huo huo. Juni ni katikati ya muhula wa pili. Mwalimu hapendi kumpokea mwanafunzi mwezi huo: rejista imeshapigwa mistari, vitabu vimeshagawanywa, majina yamefuatana kwa herufi na mgeni lazima aandikwe chini kabisa ya ukurasa, chini ya mstari, nje ya mpangilio. Huko Kariobangi pia kulikuwa na mtu mezani mwenye kalamu, na huyo hajulikani hata kwa jina. Akaliandika.

Mei 2009 Maruge alibatizwa katika kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akachukua jina la Stephen. Kitabu alichokuwa amekuja shuleni kukisoma kilikuwa sasa mikononi mwake na herufi zake alizijua. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 kwa saratani ya tumbo, kabla hajafika darasa la nane na mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, akazikwa Subukia. Fidia aliyotaka kuihesabu hakuiona. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari.